Ndege mmoja au watatu?

Sisi ni walimu wa kujitolea wa shule ya msingi. Mwezi huu tunawasimulia safari yetu ya Kasulu.

Tulikuwa walimu wanne. Tulipata kibali cha siku moja, tukaenda mjini kununua chaki na madaftari. Wakati wa kurudi gari ikapata pancha kabla ya kufika Makere. Tulipomaliza kubadilisha tairi, jua lilikuwa limezama. Ulikuwa mwisho wa Oktoba, mvua za kwanza zimenyesha, na kumbikumbi wanajaa kwenye taa za gari.

Mara kitu kikainuka kutoka katikati ya barabara, kikapita mbele ya kioo bila sauti, kikaingia porini. Hata kuhesabu tano usingemaliza.

Mama anayefundisha darasa la pili akalia, "Bale ni ndege batatu! Bawili banafukuza mumoja!" Mwingine akasema ni popo. Wa tatu aliona ndege mmoja anavuta kanda mbili nyeupe. Dereva akafunga kioo: "Ile si ndege, ni mambo ya usiku. Macho yake yaliwaka." Tukabishana mpaka getini, tukamcheka yule mama, naye akanyamaza.

Usiku ule tuliamua kila mtu achore peke yake alichokiona. Michoro ilipokutana, kumbe ilipatana: mabawa marefu, ameinuka kutoka chini, na nyuma yake vitu viwili vinaelea.

Asubuhi tukampelekea mzee mmoja aliyekuwa mwindaji kule Fizi. Hakukawia. "Ni ndege moja tu, dume. Ile miwili ni manyoya ya mabawa yake." Ni aina ya kirukanjia. Baadaye tuliona picha yake kwenye simu, ni yeye kabisa.

Mwili wake haufiki sentimita 30, lakini katika kila bawa la dume unyoya mmoja huota mrefu kupita sentimita 50. Huwa nao majira ya kuzaa tu, halafu hudondoka. Jike hana. Mchana hulala chini kwenye majani makavu, rangi yake ni kama majani yenyewe. Jioni hutoka kukamata wadudu wanaoruka, ndiyo maana siku ya kumbikumbi tulimkuta. Hupenda kukaa barabarani kwa sababu pako wazi. Na macho yake huwaka yakipigwa na taa, kama ya paka. Si uchawi.

Ndugu zetu, sisi wakimbizi tunajua kuulizwa swali moja mara nyingi: uliona nini, walikuwa wangapi? Yule mama alisema watatu na hakudanganya. Ndivyo macho yake yalivyopokea katika giza lile. Tulimwomba msamaha. Siku hizi darasani, watoto wakigombana juu ya jambo waliloliona, hatuulizi nani mwongo. Kila mmoja anachora kwanza, halafu tunalinganisha.

Nanyi mnaokwenda kutafuta kuni, angalieni mnapokanyaga. Kirukanjia hajengi kiota, hutaga mayai yake chini palepale. Mkiyaona, yaacheni.

Tuonane mwezi ujao.