Kuatamia, Kuangua, Kulea

Lugha yetu si maskini wa maneno kuhusu ndege na wanawe. Ndege hutaga, huatamia, huangua, kisha hulea. Mtoto wake ni kinda, na yai lisiloanguliwa ni viza. Maneno haya niliyapata utotoni, pwani, kwa kuku wa uani. Ukubwani nimeyaona yakifuatana moja baada ya jingine nyuma ya nyumba tunayoishi Uingereza, ndani ya kisanduku cha mbao chenye tundu la milimita 25 na kamera ndogo darini.

Wapangaji wetu walikuwa ndege wa kifua cha manjano na utosi wa buluu, uzito wao yapata gramu 11. Hawaishi Afrika Mashariki, na sijapata kuwasikia wakitajwa kwa Kiswahili. Binti yangu wa miaka saba, anayenisikiliza kwa Kiswahili na kunijibu kwa Kiingereza, alidai jina. Tukawaita vilembabuluu.

Mwezi wa Aprili jike alitaga yai moja kila siku, hata yakatimia tisa. Akaatamia peke yake kwa majuma mawili, dume akimletea chakula. Binti yangu aliuliza iwapo kuatamia si kulala tu. Nikamwambia: anayelala hujipumzisha, anayeatamia hutulia kwa ajili ya mwingine.

Mayai manane yalianguliwa. Kitenzi hiki kilinifikirisha. Tunaangua nazi, tunaangua kicheko, tunaangua kilio, na ndege huangua mayai. Kote humo naona kitu kilichoshikiliwa hadi wakati wake, kisha kikaachiliwa.

Kinda mmoja huweza kula viwavi hata 100 kwa siku. Wazazi waliingia na kutoka tangu alfajiri hadi jua kuzama. Wakiingia na viwavi, wakitoka na kinyesi cha makinda ndani ya vifuko vyeupe. Katikati ya Mei mvua ya baridi ilinyesha siku tatu mfululizo, na viwavi wakaadimika. Asubuhi ya siku ya nne makinda wawili hawakufumbua midomo.

Binti yangu alitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, kwa Kiswahili, sentensi nzima: “Baba, mama yao anajua kuhesabu?”

Sikuwa na jibu. Jike alikuwa ameshatia kiwavi katika mdomo uliopanuka kuliko yote, akaruka kwenda kutafuta kingine.

Siku ya ishirini makinda sita waliobaki walitoka mmoja mmoja. Wengi wa aina yao hawaumalizi mwaka wa kwanza. Sisi washairi tumezoea kumtuma ndege barua, au kumfanya mpenzi aliyetoroka tunduni. Huyu hakuwa mjumbe wala mpenzi. Alikuwa mlezi, na shibe aliyoitafuta asubuhi haikumtosha hadi adhuhuri. Wahenga walituachia kwamba umleavyo ndivyo akuavyo. Hawakutuahidi kwamba kila aliyelelewa atakua.

Septemba tulikifungua kisanduku ili kukisafisha. Chini ya manyoya lilikuwapo yai la tisa, jeupe, lenye madoa mekundu, dogo kuliko ukucha wa kidole gumba changu. Binti yangu alilipakata kiganjani kabla hatujalifukia.

“Hili ni viza,” akasema. “Liliatamiwa, lakini halikuanguliwa.”

Sikuwa na cha kumsahihisha.