Alama za Chuma, Alama za Maneno

Mjini Liège, Ubelgiji, bunduki haiuzwi mpaka ijaribiwe. Tangu mwaka 1672 mji huo una nyumba ya majaribio ya silaha. Mtutu hutiwa baruti yenye nguvu kuliko ya kawaida, hufyatuliwa, na usipopasuka hugongwa alama. Mambo hayo sikuyajua darasani. Niliyajua kwenye mnada wa mirathi, mbele ya bastola iliyouzwa yuro 65, na baada ya hapo nilibadili mada ya kazi yangu ya kumaliza masomo. Wenzangu kadhaa na mwalimu mmoja wameniuliza sababu. Naandika ili niwajibu wote kwa pamoja.

Nilikaa Liège miezi minne nikisoma kamusi na orodha za maneno za zamani za lugha zetu. Mwenye nyumba wangu alikuwa mzee aliyestaafu. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi Herstal, mji wa jirani, akichonga nakshi kwenye bunduki za kuwindia. Nilimwita Mzee, nikamweleza kwamba kwetu ni jina la heshima, na akalikubali. Jumamosi moja aliniomba nifuatane naye kwenye mnada. Bwana mmoja wa mtaa wa pili alikuwa amefariki, na watoto wake walikuwa wanauza vyombo vya nyumbani: makabati, saa za ukutani, vikombe, picha, mashuka.

Bastola ilikuwa kwenye trei pamoja na vijiko. Karatasi yake ilisema tu kwamba ni kuukuu, ina kutu na haina alama. Ilikuwa ya tundu sita, ya aina ya Lefaucheux, ambayo risasi yake ina kipini kidogo kinachochomoza ubavuni ili nyundo ikigonge. Mafundi wa Liège waliiga aina hiyo kwa wingi katika karne ya 19. Mzee aliinua miwani, akatazama silinda kwa muda mrefu, akairudisha bila kusema neno. Binti wa marehemu, alipoona tunaitazama, alisema: “Babu wa baba alikuwa nayo Kongo.” Wachuuzi waliokuwa karibu walitabasamu. Wamezoea kusikia habari za Kongo kwenye kila mnada, maana habari hizo hupandisha bei.

Siku hiyo hazikupandisha kitu. Dalali alianza na yuro 40, mtu akasema 50, Mzee akasema 65, nyundo ikagonga meza. Msomaji asidhani kwamba Ubelgiji silaha hununuliwa kama viazi. Sheria ya mwaka 2006 ilikaza mambo sana, lakini silaha za kale za baruti nyeusi zina kundi lake. Njiani Mzee alitembea kama mtoto aliyepata zawadi. Alisema kwamba mwenye duka angeiuza mara tatu ya bei ile.

Jikoni alitandaza gazeti, akalainisha kutu kwa mafuta, akaisugua silinda kwa kijiti cha kiberiti. Alama zikatokea. Ya kwanza ilikuwa herufi ELG ndani ya duara refu kama yai: jaribio la Liège. Ya pili ilikuwa kinguzo chembamba, ule mnara wa Perron ulio alama ya mji. Ya tatu ilikuwa herufi moja yenye taji juu yake, alama ya mkaguzi. Akanieleza namna ya kuzisoma. Kuanzia mwaka 1893 lile duara liliongezewa taji; hili halina taji, kwa hiyo bastola ni ya kabla ya hapo. Herufi ya mkaguzi ilivaa taji kati ya 1853 na 1877, kisha ikavaa nyota. Hii ina taji. “Basi ilijaribiwa kabla ya 1877,” alisema, “na aliyeandika karatasi ile hakuwa na kijiti cha kiberiti.”

Nilifurahi sana, kwa sababu ndiyo kazi tunayofundishwa hapa. Tunachukua neno, tunaliondoa kutu, tunatafuta sauti iliyobadilika mwaka fulani au mahali fulani, tunasema limepita wapi na lini. Nikamuuliza kama bastola ile kweli ilifika Kongo. Akatikisa kichwa. “Chuma kinasema kilizaliwa wapi,” akajibu. “Hakisemi kilikwenda wapi.” Halafu akaniuliza: “Kwenu mnaiitaje?”

Nilianza kwa urahisi. Bastola ni pistola ya Wazungu iliyobadilishwa matamshi. Baruti ni bārūd ya Waarabu. Bunduki imetoka katika bunduqiyya, na ndani yake kuna bunduq, yaani njugu ya mviringo, kisha kidonge cha udongo kilichorushwa kwa upinde, kisha silaha yenyewe. Risasi ni raṣāṣ, madini tu. Mzee alifurahia njugu. Lakini nilipofika kwenye risasi nilinyamaza, kwa sababu nilikumbuka kwamba nyumbani sisi hatusemi hivyo.

Mimi ni mtoto wa Bukavu. Mwezi wa sita 2004, wanajeshi walioasi walipouteka mji, nilikuwa na miaka mitatu. Sikumbuki chochote, najua anachosimulia mama, na sentensi yake ni ileile kila mara: “Masasi ililia usiku muzima.” Nimeisikia tangu utotoni bila kuisikiliza kama mwanaisimu. Jikoni kwa Mzee niliisikiliza.

Naiona njia ya neno hilo hivi. Katika raṣāṣ sauti zote ni za mzizi, hakuna kiambishi. Lakini sikio la Mbantu likisikia ri- mwanzoni mwa neno linasikia ngeli: ri- au li- ya umoja, ambayo wingi wake ni ma-. Kwa hiyo risasi ikakatwa mahali ambapo Mwarabu asingeikata, na ikapata wingi: masasi. Lingala wana lisasi na masasi. Kinyarwanda wana isasu na amasasu. Kiswahili sanifu kinasema risasi moja, risasi kumi, na neno halibadiliki. Sisi wa mashariki tumelipa umoja na wingi kama jicho na macho, kama jiwe na mawe. Tena katika kinywa cha mama maana imesogea. Masasi si madini wala si kitu cha kushika mkononi. Ni kitu kinacholia usiku, na kipo kwa wingi.

Hapo ndipo nilipoona tofauti. Alama za Liège zinaandika upande mmoja tu: aliyetengeneza, aliyejaribu, aliyekagua. Mji huo uliuza pia bunduki nyingi za kushindilia kwa ajili ya biashara ya Afrika, na Mkataba wa Brussels wa 1890, uliozuia silaha za kisasa zisiingie sehemu kubwa ya bara letu, uliacha mlango kwa zile za gumegume. Force Publique ilibeba bunduki za Albini. Hayo yote yana karatasi. Upande wa waliozisikia zikilia hauna nyumba ya majaribio wala muhuri. Una maneno. Wasemaji ambao majina yao hayajulikani walilikata neno la Kiarabu katikati, wakalitia katika ngeli, na mkato huo ni alama sawa na ile ya mkaguzi.

Jambo hili linatuhusu kwa karibu kuliko tunavyopenda kukiri. Kiswahili chenyewe kilifika Nyangwe na Kasongo pamoja na misafara ya pembe na bunduki begani. Jina la Tippu Tip, ambalo Hamed bin Muhammed anajulikana nalo, huelezwa kuwa ni mlio wa silaha zake. Tunakisoma hapa kama lugha ya taifa, na ni sawa. Lakini msamiati wa baruti ndani yake si msamiati wa kamusi peke yake.

Mwalimu aliyeniuliza hakupinga hoja ya ngeli. Aliuliza kama ni vizuri kwenda kwa watu walioumia na kuwadai maneno. Ni swali zito, na nilianza kulijaribu kwa mama. Nilimpigia simu nikamuuliza kwa nini anasema masasi na si risasi. Alikaa kimya, nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema: “Risasi ni ya radio, mwanangu. Masasi ni ile yetu.” Bila kuulizwa akaanza kunipangia: ya karibu inavyosikika, ya mbali, na ile inayopigwa juu ya anga, ambayo baada yake watu huweza kutoka kuchota maji. Aliongea karibu saa nzima. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia habari za 2004 zikipita ile sentensi moja.

Kwa hiyo mada yangu sasa ni maneno ya silaha na milio yake katika Kiswahili cha Bukavu, Uvira, Kindu na Kasongo. Nimejiwekea masharti matatu. Siulizi nani alipiga wala nani alipigwa. Nauliza jina la kitu na jina la sauti. Anayenyamaza simrudii. Na anayetaka kusimulia zaidi ya neno nitamsikiliza mpaka mwisho, hata kama masimulizi yake hayataingia katika majedwali yangu. Wanafunzi wenzangu mnaotoka huko, mkienda likizo, waulizeni wazee kwa upole wanavyoiita bunduki, risasi, baruti na mlio wake. Nileteeni neno pamoja na umoja wake, wingi wake, na sentensi ambayo msemaji mwenyewe aliitumia.