Kisima na Jirani

Wahenga walisema kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe. Nimeifundisha methali hii kwa miaka mingi na kuisifu kwa haki yake. Kimbiji ilinionyesha kuwa haki hiyo si timilifu.

Nilikuwa na kiwanja huko, kusini ya Kigamboni, mahali ambapo ardhi ni mchanga na bahari haiko mbali. Nilitaka tangi la maji chini ya ardhi, la kina cha mita 3, hatua mbili tu kutoka nyumba ya jirani yangu, mwanamke mzee. Fundi wa visima aliteka mchanga, akauacha upite kati ya vidole vyake. "Mwalimu," alisema, "mchanga huu umesimama kwa kuegemeana. Ukiondoa wa huku, wa kule utafuata." Alishauri tusogee mbali, au tushushe pete za zege huku tukichimba ndani yake. Nilihesabu gharama, nikajibu kwamba kiwanja ni changu.

Usiku mvua ilinyesha. Maji yalishuka shimoni pamoja na mchanga, na asubuhi ukuta wa jiko la jirani ulikuwa na ufa wa kupitisha mkono. Hakunilaumu. Aliuliza tu, "Mwanangu, shimo lako linaishia wapi?" Sikuwa na jibu.

Swali lile lilinirudia Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa lilipoanguka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Ilielezwa kwamba palikuwa na kazi ya kupanua sehemu ya chini ya jengo kwa ajili ya biashara. Waliofukiwa walikuwamo wenye maduka na wateja, watu ambao hawakushika jembe wala sururu.

Wala msiba wa namna hii si wa nchi maskini peke yake. Tarehe 3 Machi 2009, katika mji wa Köln, Ujerumani, mchanga na maji viliingia katika shimo la reli ya chini ya ardhi. Jengo la nyaraka za kale za mji lilianguka, na watu 2 walikufa katika nyumba ya jirani.

Katika ardhi laini, msingi hushikwa na udongo ulio kando kama unavyobebwa na udongo ulio chini. Uzito wa nyumba husukuma udongo chini na pembeni. Ukiondolewa wa pembeni, ule wa chini hupata njia ya kukimbia. Maji yakivutwa shimoni huweza kuchukua mchanga pamoja nayo, na ardhi ya jirani ikadidimia. Ndiyo maana udongo hupimwa kwanza, ukuta wa kuzuia hujengwa kabla ya kuchimba, na nyumba za kando huangaliwa kila siku. Gharama ya mambo hayo ni deni la mchimbaji kwa jirani, wala si hisani.

Nilifukia shimo, nikajenga upya jiko la yule mama. Methali ningali naifundisha. Lakini baada yake huwauliza wanafunzi swali lake.