Jinsi Nilivyonunua Hedifoni Mara Mbili

Kila muhula unapokaribia kwisha nasikia bwenini mwetu maneno ya namna moja: nani atanunua simu, nani atanunua hedifoni, yaani spika za kuvaa masikioni, na ipi iliyo bora. Shuleni vitu hivyo haviruhusiwi, kwa hiyo likizo ikifika twavikimbilia kama mbuzi waliofunguliwa kamba. Mimi nami nilikuwa mmoja wao. Nimeona yafaa niandike yaliyonipata, maana aliyejikwaa ndiye ajuaye jiwe lilipo.

Nilianza kuweka fedha mwaka jana. Nyumbani nina kuku kumi na wawili, na mama aliniuzia mayai wakati wote nilipokuwa shuleni. Hata likizo ya Agosti ilipofika nilikuwa na shilingi 140,000. Nilikuwa na sababu mbili za kutaka hedifoni. Ya kwanza, mimi ni mwimbaji wa teno katika kwaya yetu. Bwana Mwalimu wa muziki alikuwa amerekodi wimbo wa sauti nne, akatutilia katika flashi, ili kila mtu ajifunze sauti yake nyumbani. Wimbo huo ulikuwa wa ibada ya kutuaga sisi wa kidato cha sita, nami niliwekwa kuwaongoza wenzangu wa teno. Sababu ya pili ni michezo ya kompyuta. Binamu yangu anayo kompyuta, nasi hucheza mchezo wa vikosi viwili vinavyowindana. Katika mchezo huo asiyesikia nyayo za adui nyuma yake hafiki mbali.

Basi nikaenda mjini Mbale. Katika duka moja mwenye duka akanivika hedifoni kubwa nyeusi, yenye taa nyekundu na za buluu, akanipigia wimbo wenye ngoma nzito hata nikahisi mashavu yanatetemeka. Juu ya sanduku paliandikwa 7.1, na milimita 50, na 40,000. Sikujua maana ya hesabu hizo hata moja, lakini niliona haya kuuliza. Yule bwana akasema, "Kijana, hii ndiyo wanayovaa wachezaji wakubwa." Nikatoa fedha zangu zote.

Nilipofika nyumbani nikafungua wimbo wa Bwana Mwalimu. Sauti ya besi ilinguruma kama lori linalopanda mlima, na sauti yangu ya teno ikapotea chini yake. Nilipokosa kuisikia nikaongeza sauti, lakini besi nayo ikazidi. Katika mchezo mambo yalikuwa yale yale: milipuko ilitikisa kichwa, nyayo hazikusikika, nami nikaongeza tena. Mchana wimbo, usiku mchezo, saa nne au tano kila siku.

Siku ya sita, nilipozivua usiku, nikasikia mlio mwembamba ndani ya sikio la kushoto, kama nyenje aliyejificha. Asubuhi ulikuwa upo bado. Mama aliniita mara mbili nisiitike. Sikumwambia mtu yeyote.

Sasa yanipasa niwaeleze habari za baba. Baba yangu amefanya kazi katika mashine ya kusaga mahindi miaka ishirini na miwili. Ukimwita kwa nyuma hageuki. Zamani alikuwa mwimbaji wa besi kanisani, na wazee wa kijiji bado huitaja sauti yake. Siku hizi hukaa benchi la nyuma, ameshika kitabu cha nyimbo, midomo imefungwa. Ni kwa sababu Jumapili moja alianza ubeti kabla ya wenzake kumaliza, na watoto wakacheka. Tangu siku hiyo hajaimba.

Jioni ile tulikuwa tumekaa nje tukipukuchua mahindi. Baba akanitazama, akaniuliza, "Sikio lako lalia?"

Nikashangaa, nikamwuliza amejuaje.

"Nimekuona ukilisugua. Mimi nami nilikuwa nikilisugua hivyo hivyo kila jioni, mwaka wangu wa kwanza katika mashine. Asubuhi mlio ulikuwa umekwisha, nami nikadhani nimepona. Hata mwaka mmoja mlio ukakaa, na sauti za ndege zikaondoka." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, mimi niliyauza masikio yangu nikapata ada yako ya shule. Wewe wayauza upate nini?"

Sikuwa na jibu. Hata leo sina.

Kwa bahati njema mlio wangu ulikoma siku ya tatu. Nikaenda kumwona kaka mmoja, mwanafunzi wa zamani wa shule hii, ambaye sasa ni fundi wa sauti katika kituo cha redio. Hakunicheka. Alitoa hedifoni kuukuu ya waya, isiyo na taa wala pambo, akanipigia wimbo ule ule kwa sauti ya chini. Nikaisikia teno waziwazi tangu mwanzo hata mwisho. Nikasikia hata Bwana Mwalimu akivuta pumzi kabla ya ubeti wa pili. Hapo nikajua kwamba kosa halikuwa katika wimbo wala katika masikio yangu. Kaka yule akanifundisha mambo yafuatayo, nami nawapa kama nilivyoyapokea.

Kwanza, hesabu zilizo juu ya sanduku. Sikio la kijana mzima husikia mitetemo kutoka 20 hata 20,000 kwa sekunde, na hedifoni nyingi, hata za bei ndogo, huandikwa hivyo. Ikiandikwa 40,000, hiyo ni sauti ambayo mwanadamu haisikii. Milimita 50 ni upana wa spika ya ndani tu. Sufuria kubwa haionyeshi mchuzi ni mtamu. Hesabu ya kuangalia ni ile ya omu. Yenye omu 16 au 32 huendeshwa vema na simu. Yenye omu 250 kwa kawaida yataka mashine ya kukuza sauti, la sivyo italia kwa unyonge.

Pili, ile 7.1. Maana yake ni spika saba na moja ya besi zilizopangwa chumbani kukuzunguka. Lakini mtu ana masikio mawili, na hedifoni nyingi zina spika moja tu kila upande. Mengine ni hila ya kompyuta. Akili yetu hutambua sauti inatoka wapi kwa sababu hufika sikio moja kabla ya jingine, kwa tofauti isiyofika sehemu moja ya elfu ya sekunde, tena huwa kubwa zaidi upande ule inakotoka. Hedifoni njema ya spika mbili yatosha kukuonyesha adui yu upande gani, mradi besi isifunike nyayo.

Tatu, waya au Bluetooth. Bluetooth huchelewesha sauti, mara nyingi sehemu moja au mbili za kumi za sekunde. Kwa kusikiliza nyimbo si neno. Lakini katika mchezo utaona bunduki ikiwaka kabla ya kuisikia, na mpiga kinanda atabonyeza kisha angoje. Tena ukitumia kipaza sauti chake kuzungumza na wenzako mchezoni, mara nyingi sauti unayoisikia huharibika iwe kama ya simu. Zipo zisizo na waya zenye kipokezi chake cha kuchomeka katika kompyuta, nazo ni za haraka, lakini bei yake hupanda. Kwa mwanafunzi, waya ni rafiki mwaminifu, wala hauhitaji kuchajiwa umeme unapokatika.

Nne, iliyofungwa au iliyo wazi. Iliyo wazi kwa nyuma hutoa sauti pana na ya kupendeza, lakini kila mtu chumbani ataisikia, nawe utasikia kelele zao. Mwenye kulala na wadogo zake wanne, kama mimi, na achukue iliyofungwa. Hiyo huzuia baadhi ya kelele za nje, nawe huna haja ya kushindana nazo kwa kuongeza sauti.

Tano, nenda dukani na wimbo wako mwenyewe, ule unaoujua neno kwa neno. Usikubali wimbo wa mwenye duka, maana ameuchagua kwa kazi yake. Sikiliza sauti ya mtu anayeimba. Sauti ya mtu ikiwa ya kweli, mengine kwa kawaida yatafuata. Kisha ivae robo saa nzima, uone kama yabana kichwa. Mwisho tazama waya: ukiweza kuchomoka na kubadilishwa, hutatupa hedifoni nzima kwa sababu ya waya uliokatika.

Sita, nalo ndilo kubwa, ni ukubwa wa sauti. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba mtu mzima aweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 katika juma. Ikifika desibeli 90, saa hizo hupungua zikawa nne tu kwa juma zima. Mimi nilizimaliza kwa usiku mmoja! Ndani ya sikio mna chembe zenye vinyweleo vidogo sana vinavyopokea sauti, nazo zikifa hazioti tena kama majani ya mvua. Tiba yake haijapatikana.

Kaka yule alinieleza pia asili ya chombo chenyewe. Mmarekani Nathaniel Baldwin alizitengeneza hedifoni zake jikoni kwake huko Utah, na mwaka 1910 jeshi la majini la Marekani likazinunua kwa ajili ya watu wa simu ya upepo, ili wasikie habari hafifu kutoka mbali. Mwaka 1958 John Koss alitoa hedifoni za kusikilizia muziki kwa sauti za pande mbili. Basi tazama: mwanzo wake chombo hiki kilikuwa cha kusikia kilicho hafifu. Ni sisi tuliokifanya cha kujizibia dunia.

Niliporudi nyumbani nilimwuzia binamu yangu ile yenye taa kwa shilingi 75,000. Kwanza nilimweleza kasoro zake zote, naye akasema azipenda taa. Nikanunua ya waya, iliyofungwa, kwa shilingi 70,000. Katika siku kumi nilikuwa nimeijua teno yangu yote, na katika mchezo binamu yangu hanishambulii tena kwa nyuma kwa urahisi. Sauti siipandishi kupita nusu, na kila saa moja nazivua nikapumzika.

Shilingi 5,000 zilizosalia nilinunulia vizibo vya masikio vya sponji, jozi mbili, nikampelekea baba mashineni. Alivigeuzageuza mkononi. Kisha akamwita kijana mmoja aliyeanza kazi pale mwezi wa Juni, akamwonyesha kwa mkono wake jinsi ya kukibana kizibo na kukitia sikioni. Jozi ya pili akaitia mfukoni mwake. Nilimwambia, "Baba, moja ni yako." Akajibu, "Najua. Nimebakiwa na kidogo, nami nitakitunza."

Ibada ya kutuaga ilikuwa mwezi wa Oktoba. Baba alikuja, akakaa benchi la tatu kutoka mbele, mahali ambapo aliweza kuitazama midomo yetu. Tulipofika ubeti wa mwisho niliona midomo yake inasogea. Kama alitoa sauti au hakutoa, sikuweza kusikia kwa ajili ya besi waliokuwa nyuma yangu.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mtakapokwenda dukani likizo hii, msiulize kwanza bei wala taa. Jiulizeni mwataka kusikia nini. Hedifoni nilinunua mara mbili. Masikio hayauzwi dukani.