Mzamiaji na Mshika Kamba

Neno uzamivu, ambalo Kiswahili kimelitwaa kuwa jina la shahada ya juu kuliko zote zisomewazo chuoni, limetoka katika kuzama na kuzamia. Jina hili lina haki yake. Mwenye kusomea shahada ya kwanza huoga ufukoni pamoja na wenzake. Wa shahada ya pili huingia mpaka maji ya shingo. Wa tatu hushuka chini peke yake, mahali ambapo hata mwalimu wake hajapata kufika. Walio pwani husifu pumzi zake. Wachache hukumbuka kwamba wazamia lulu wa Ghuba ya Uajemi, kabla biashara yao haijaanguka katika miaka ya 1930, hawakushuka bila ya mwenzi aliyebaki chomboni, ameshika kamba na kungoja ishara ya kuwavuta. Mzamiaji alikuwa na sifa, lakini uhai wake ulikuwa katika mikono ya mwingine.

Kwa sura iliyo nayo leo, shahada hii si ya kale sana. Ilipata umbo lake katika vyuo vya Ujerumani katika karne ya 19. Yale, huko Marekani, iliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1861, na Oxford ikaikubali mwaka 1917. Chuo cha Dar es Salaam, kilichoanza mwaka 1961 na wanafunzi 14 wa sheria, leo kina wazamiaji wake. Aghalabu mzamiaji wa huku si kijana asiye na mzigo. Ni mtu mzima mwenye ndoa, watoto, na wazazi waliozeeka. Mara nyingi ni mhadhiri msaidizi: asubuhi hufundisha, alasiri husahihisha lundo la karatasi za mitihani, na usiku, nyumba inapolala, ndipo huwa mwanafunzi. Watu hudhani kazi yake ni kufikiri. La, kazi yake ya kwanza ni kutafuta saa ya kufikiria.

Natuchukue mfano wa mtu anayetaka kuchunguza maneno ya wavuvi wa Kilwa: majina ya pepo, ya mikondo, na ya sehemu za chombo. Hawezi kushuka garini na kuanza kuuliza. Barua ya chuo humpeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, huko Lindi. Ya mkoa humpeleka wilayani. Ya wilaya humpeleka kwa mtendaji wa kata, na huyu humpeleka kwa mtendaji wa kijiji. Kila meza ina muhuri wake, na kila muhuri una siku yake. Afikapo pwani na fedha ya majuma manne, hukuta mwezi umefifia, na wavuvi wa dagaa, ambao hutumia taa katika giza, wako baharini usiku na usingizini mchana. Sharti angoje mbalamwezi ili apate watu wa kuzungumza naye. Hapo hujifunza jambo lisiloandikwa katika mpango wake wa utafiti: kwamba bahari haina habari ya ufadhili.

Akirudi na sauti alizozinasa, taabu mpya huanza. Mazungumzo ya saa 1 huweza kumeza saa 4 au zaidi katika kuyaandika, kwa maana husikilizwa neno kwa neno, mara ya pili na ya tatu. Katikati ya sauti hizo mzee mmoja hutaja neno geni, kisha hucheka na kuliacha bila ya kulieleza. Mwanafunzi huweka alama, akinuia kumwuliza safari ijayo. Safari hiyo hukawia kwa sababu ya nauli, na anapofika huonyeshwa kaburi. Hasara ya namna hii haimo katika hesabu ya ada, lakini ni kubwa kuliko ada.

Nyumbani nako kuna mtihani. Rasimu ya sura moja hukaa miezi kwa msimamizi, kisha hurudi imejaa wino mwekundu. Ufadhili wa miaka 3 au 4 hukoma, lakini tasnifu haikomi, na ada inaendelea kudaiwa. Mama huuliza, "Mwanangu, kitabu hicho hakiishi?" Jamaa, waliosikia kwamba karibu ataitwa daktari, humletea magonjwa yao. Mke huahirisha ujenzi. Watoto huzoea kuona mlango wa baba umefungwa. Hawa wote wameshika kamba, na hakuna aliyewauliza kama mikono inawauma.

Imesemwa kwamba papo kwa papo kamba hukata jiwe. Wengi wanaomaliza si wenye akili kali kuliko wenzao, bali ni wale walioandika ukurasa mmoja hata siku ya homa ya mtoto, na waliojua kusema nyumbani, "Leo nimechoka, nisaidieni." Anayeona haya kutikisa kamba huzama kimya, na jina lake husomwa mara ya mwisho katika orodha ya wasiolipa ada.

Lakini deni la mwenye kumaliza halilipwi kwa joho. Katika Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya chuo hicho hicho, tasnifu huandikwa kwa Kiswahili. Basi mvuvi wa Kilwa hawezi kunyimwa kwa kisingizio cha lugha. Na apelekewe nakala, asomewe penye kivuli cha ngalawa, asahihishe palipokosewa. Lulu iliyotolewa chini ya maji na kufungiwa kabatini haina tofauti na lulu iliyobaki chini ya maji.