Barua kutoka Louisville: Deni Lenye Aibu na Deni Lenye Riba

Familia nyingi za Wakongomani na Warundi wanaozungumza Kiswahili katika mji wa Louisville, jimbo la Kentucky, Marekani, zilianza maisha ya ugenini zikiwa tayari zinadaiwa, kwa kuwa mkimbizi aliyechukuliwa kutoka kambi za Nyarugusu, Nakivale au Kakuma kwa kawaida alisafiri kwa tiketi ya mkopo wa Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, na kabla ya kupanda ndege alitia saini hati ya kuahidi kuulipa. Mkopo huo hauna riba. Malipo yake huanza takriban miezi sita baada ya kufika, hulipwa kidogo kidogo kila mwezi, na fedha zinazorejeshwa husaidia kugharimia safari za wakimbizi wengine. Mpango wa kupokea wakimbizi ulisimamishwa na serikali ya Marekani mwezi wa Januari 2025, lakini waliokwisha kufika wanaendelea kulipa, na kaya yenye watoto sita inaweza kuwa ilitua uwanja wa ndege ikidaiwa maelfu ya dola kabla mzazi yeyote hajapata kazi. Jambo hili linastahili kuelezwa kwa walio Uvira, Bukavu, Kigoma na Bujumbura, kwa sababu huko nyumbani dola huonekana zinapowasili kwenye simu, ilhali deni lililo nyuma ya dola hizo halionekani.

Deni la pili huja kimyakimya zaidi, nalo ni la kadi ya mkopo, yaani kadi ya benki inayomruhusu mtu kununua leo kwa fedha za benki na kulipa baadaye. Mgeni hushauriwa kuichukua mapema, na ushauri huo una msingi wake, maana nchini humo kila mkopaji hupewa alama za uaminifu, ambazo katika mfumo unaotumika zaidi huanzia 300 hadi 850, na mwenye alama duni hupata shida ya kupanga nyumba au hutozwa riba kubwa anaponunua gari. Asiyewahi kukopa hana alama kabisa. Hata hivyo, kadi isiyolipwa yote mwishoni mwa mwezi hutozwa riba ambayo mara nyingi huzidi asilimia 20 kwa mwaka, na hapo ndipo yanapotokea makosa ambayo tabia njema pekee haiyazuii. Watu waliolelewa kuona deni kuwa fedheha hukimbilia kulipa lile linalowatia aibu zaidi: humaliza haraka mkopo wa tiketi, kwa sababu waliuahidi kwa saini, au humtumia shemeji fedha za msiba, kwa sababu ukoo mzima unatazama, huku kadi, ambayo hakuna jirani anayeijua, ikilipwa kile kiwango cha chini kabisa ambacho benki inakubali. Utaratibu unaofaa ni kinyume chake. Mkopo wa tiketi ulipwe kwa wakati, bila kuuharakisha, kwa kuwa kuuchelewesha hadi tarehe yake hakugharimu chochote, na kila senti inayobaki ielekezwe kwenye deni lenye riba kubwa kuliko yote.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kaya inayodaiwa dola 2,000 kwenye kadi yenye riba ya asilimia 24 kwa mwaka hutozwa takriban asilimia 2 kwa mwezi, yaani dola 40 katika mwezi wa kwanza, hivyo ikilipa dola 60 ni dola 20 tu zinazopunguza deni. Ikiendelea kulipa 60 kila mwezi bila kununua kitu kingine kwa kadi hiyo, itahitaji karibu miezi 56, na riba yote itafikia dola 1,300 na ushei. Ikilipa 100, itamaliza kwa miezi 26 na riba itakuwa chini ya dola 600. Nyongeza ya dola 40 kwa mwezi, ambazo ni kama dola 10 kwa wiki, hupunguza zaidi ya nusu ya muda na zaidi ya nusu ya riba. Sheria iliyopitishwa mwaka 2009 inazilazimisha benki kuonyesha kwenye taarifa ya kila mwezi muda ambao deni litachukua iwapo mteja atalipa kiwango cha chini tu, pamoja na kiasi kinachotakiwa ili limalizike kwa miaka mitatu. Jedwali hilo dogo ndilo sehemu yenye manufaa kuliko zote katika karatasi hiyo, na watoto waliosoma Kiingereza shuleni wanaweza kuwasomea wazazi wao.

Mazoea ya kwanza yanayofaa kujengwa yanahusu siku ya mshahara. Waajiri wengi hulipa kila baada ya wiki mbili, na kwa kuwa mwaka una wiki 52, mfanyakazi hupokea mishahara 26, si 24. Ipo kwa hiyo miezi miwili katika mwaka ambayo huwa na mishahara mitatu. Kodi ya nyumba hulipwa mara moja tu katika miezi hiyo kama katika miezi mingine, hivyo mshahara wa tatu, ukitambuliwa mapema na kuandikwa kwenye kalenda iliyobandikwa jikoni, unaweza kupelekwa karibu wote kwenye deni. Vilevile riba ya kadi huhesabiwa kwa salio la kila siku, hivyo anayelipa nusu kila anapopata mshahara hupunguza riba kuliko anayesubiri siku ya mwisho, na asiyekaa na fedha mfukoni kwa wiki mbili hapati nafasi ya kuzitumia kwa mengine. Waajiri wengi pia hukubali kuugawa mshahara kabla haujamfikia mfanyakazi, sehemu iende kwenye akaunti ya matumizi na sehemu nyingine, hata dola 25, iende katika chama cha akiba na mikopo kinachomilikiwa na wanachama wenyewe, mfano wa SACCOS za nyumbani. Akiba katika vyama vilivyosajiliwa na serikali kuu hukingwa na bima hadi dola 250,000 kwa mwanachama.

Zile dola 40 za nyongeza hupatikana mahali pasipo na fahari yoyote. Chakula kinachonunuliwa kazini kikigharimu dola 10, zamu nne za mwezi ambazo mtu amebeba wali, maharage na sombe kutoka nyumbani zinatosha, na chungu kikubwa cha maharage kilichopikwa Jumapili hulisha kaya hadi katikati ya wiki.

Msaada ulio mkubwa kuliko ubanaji wowote, hata hivyo, ni ule ambao wahamiaji walikuja nao, yaani mchezo ambao Wakongomani huuita likelemba, Watanzania upatu na Wanyarwanda ikimina, ambapo kundi la watu huchanga kiasi sawa kila mwezi na mmoja wao huondoka na mchango wote kwa zamu. Anayepokea mapema amekopeshwa na wenzake bila riba. Anayepokea mwishoni ameweka akiba. Kundi la watu 20 wanaochanga dola 100 linaweza kumpa mwanachama wa kwanza dola 2,000, akaifuta ile kadi kwa siku moja, kisha akaendelea kuchanga 100 zilezile ambazo angeilipa benki, ila kwa miezi 20 badala ya 26 na bila hata senti ya riba. Kwa sababu hiyo, desturi ya kupanga zamu kwa kura au kwa umri inafaa kutazamwa upya: zamu za mwanzo zingeenda kwa wenye madeni ya riba kubwa, na wasiodaiwa, wanaokusanya fedha za gari au za malipo ya awali ya nyumba, wangepokea mwishoni. Ugumu ni kwamba utaratibu huo unamtaka mtu aliambie kundi deni lake, na miezi 20 ni mirefu katika nchi ambamo watu huhamia jimbo jingine kwa ajili ya nyongeza ya dola mbili kwa saa, hivyo makundi madogo ya watu wa kanisa moja au msikiti mmoja huwa salama zaidi. Upungufu mwingine ni kwamba mchezo huu haumwongezei mtu alama za mkopo. Shirika la Mission Asset Fund la San Francisco limetafuta dawa yake kwa kuandikisha michango ya vikundi vya namna hii kama mikopo rasmi na kuiripoti kwa kampuni zinazotunza kumbukumbu za wakopaji, na jimbo la California liliitambua njia hiyo kwa sheria ya mwaka 2014.

Kinachopaswa kuepukwa kabisa ni maduka ya mikopo ya kusubiria mshahara. Kentucky inayaruhusu kutoza dola 15 kwa kila 100, na kwa mkopo wa wiki mbili kiwango hicho ni sawa na riba ya asilimia 390 kwa mwaka. Akiba ya dola 300 tu katika chama cha akiba na mikopo humwondolea mtu haja ya kuingia mlangoni humo gari linapoharibika.

Yapo pia mazoea yanayowahusu walio nyumbani. Kutuma fedha Afrika kusini mwa Sahara ni ghali kuliko kuzituma kwingi duniani, kwani wastani wa gharama umekuwa takriban asilimia 8 ya dola 200, wakati Umoja wa Mataifa umeweka lengo la kuishusha chini ya asilimia 3 ifikapo 2030. Na tangu tarehe 1 Januari 2026 Marekani inatoza kodi ya asilimia 1 kwa anayetuma kwa kulipa fedha taslimu, lakini haimtozi anayelipa kutoka akaunti ya benki ya Marekani au kwa kadi iliyotolewa huko. Anayetuma dola 50 mara nne kwa mwezi, kila mara mtu mwingine anapopiga simu, kwa kawaida hulipa ada mara nne. Ugonjwa na msiba havina tarehe, na hakuna familia inayoombwa kuvipangia ratiba. Ada za shule zina tarehe. Shule za Kongo hufunguliwa Septemba na za Tanzania Januari, hivyo orodha ya madai ikifika Louisville miezi miwili kabla, ikiwa na jina la kila mtoto na kiasi chake, inaweza kuwekwa kwenye kalenda ileile ya jikoni, pembeni ya miezi yenye mishahara mitatu, na kulipwa kwa mkupuo mmoja bila kuigusa kadi.