Ukungu wa Glasi na Maji ya Meru

Kinachonisukuma kuandika si kustaafu peke yake. Ni kuona ufundi wa mashine za kuoshea vyombo ukigeuka kuwa biashara ya kubadilisha vipuri. Mashine ikigoma, bodi inatolewa na nyingine inawekwa. Ikigoma tena, mwenye nyumba anaambiwa anunue mpya. Hoja yangu ni moja, na nimeishi nayo muda mrefu wa kutosha kuitetea: hapa Arusha mashine hizi mara nyingi huponzwa na vinavyoingia ndani yake, yaani maji, umeme na sabuni, kabla kifaa chochote cha ndani hakijachoka. Fundi asiyepima vitu hivyo vitatu anatibu ugonjwa asioujua, na bili analetewa mwenye nyumba.

Utoto wangu hauna mengi ya kuandikwa. Nilikulia upande wa Wameru, kwenye kahawa na migomba inayonyweshwa kwa mifereji inayoteremka mlimani, katika vijiji ambako meno yaliyogeuka kahawia kwa floraidi ya maji hayamshangazi mtu. Ufundi niliuanzia kwenye majokofu, nikaingia majiko ya hoteli, na mashine za majumbani zikanijia pamoja na wageni. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilipoweka makao Arusha mwaka 1995, na mkataba wa kuifufua Jumuiya ya Afrika Mashariki ulipotiwa saini hapa Novemba 1999, nyumba za Njiro, Sekei na Ilboru zilipokea familia zilizokuja na makontena ya vyombo vyao. Mashine za Marekani ziliumbwa kwa volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde. Hapa zikakuta volti 230 na mizunguko 50. Transfoma ilishusha volti lakini haikugusa mizunguko, kwa hiyo mota za pampu zilizunguka polepole kuliko zilivyokusudiwa na kupata joto jingi. Mahakama ilipofungwa mwishoni mwa 2015, baadhi ya mashine hizo zilibaki mjini, zikauzwa mkono kwa mkono bila vitabu vyake. Huko ndiko ilikotoka kazi yangu ya miaka ya mwisho.

Aliyenifundisha alikuwa mzee wa Unguja, sasa ni marehemu, na utaratibu wake naufuata hadi leo. Alitaka fundi aanze na chujio la chini, aende kwenye matundu ya mikono inayonyunyiza, kisha bomba la kutolea maji machafu, kisha vali ya kuingizia maji, na umeme wa ndani auguse mwisho kabisa. Hoja yake ilikuwa nzito: makombo ya wali, majani ya mchicha na mafuta ya nyama yaliyoganda huziba mashine mara nyingi kuliko bodi inavyoungua, na kusafisha chujio hakumgharimu mtu kitu. Katika hayo yote sina neno. Tulitofautiana katika jambo moja tu, nalo ni ukungu mweupe unaobaki kwenye glasi. Kwake ukungu wote ulikuwa chokaa, na tiba yake ilikuwa moja: chumvi nyingi kwenye tangi la mashine na tindikali kali ya kukwangulia. Alikuwa na sababu. Kisiwa cha Unguja kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, maji ya visima vyake hubeba kalsiamu nyingi, na huko chokaa kweli hufunika hita kama ganda. Kosa si la mzee. Kosa ni la wale waliolichukua somo la pwani wakalipandisha mlimani bila kulipima, na wakaligeuza kuwa duka la chumvi na dawa.

Maji ya Meru ni ya namna nyingine. Yanapita kwenye miamba na majivu ya volkano, na sehemu kubwa ya visima na chemchemi zake ina sodiamu na bikaboneti kwa wingi, huku kalsiamu na magnesiamu zikiwa kidogo. Upungufu huo wa kalsiamu ni sababu mojawapo ya floraidi kupanda: kalsiamu inapokuwa nyingi hujifunga na floraidi na kutua, na inapokosekana floraidi hubaki ndani ya maji. Ndiyo maana kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimehangaika kwa miaka kuiondoa kwa mkaa wa mifupa, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita na Tanzania ilikuwa ikiruhusu hadi 4. Fundi asome ushahidi huo kwa upande wa pili: mahali penye floraidi nyingi, mara nyingi si mahali penye chokaa nyingi. Sasa tangi la chumvi katika mashine lina kazi moja. Linasafisha punje za resini ambazo hunasa kalsiamu na magnesiamu na kuachia sodiamu. Ukiweka kipimo cha juu kabisa kwenye maji ambayo tayari yamejaa sodiamu na hayana ugumu wa kuondolewa, unatupa chumvi, na unazidi kuyalainisha maji yaliyokwisha kuwa laini. Maji laini, yakiwa ya moto na yenye sabuni kali, huila glasi. Ukungu wa namna hiyo si uchafu uliobaki juu. Ni kioo chenyewe kilicholiwa, na hakuna dawa ya kukirudisha.

Kwa hiyo naushikilia ule mtindo nilioutetea mbele ya wengi, wa kuutenganisha weupe kabla ya kuutibu. Chukua glasi yenye ukungu, ifute kwa kitambaa chenye maji safi, kisha ikaushe. Ukungu ukiondoka, ni mabaki ya sodiamu au sabuni yaliyokauka. Ongeza dawa ya kusuuzia, punguza unga wa sabuni, na hakikisha mikono ya kunyunyiza inazunguka bila kugonga sahani. Usipoondoka, paka siki nyeupe, subiri dakika chache, suuza na ukaushe. Ukiondoka sasa, hiyo ndiyo chokaa ya mzee wangu, na hapo chumvi ni haki yake. Ukibaki baada ya siki, glasi imeliwa: shusha joto la kuoshea, punguza sabuni, rudisha kipimo cha chumvi chini, na glasi za thamani zioshwe kwa mkono. Majibu ni matatu, tiba ni tatu, na kifaa pekee kinachohitajika ni chupa ya siki.

Wapo wanaonijibu kwamba mtengenezaji ndiye anayejua, na kitabu chake kinasema weka chumvi. Wasome ukurasa mzima. Vitabu vingi vya mashine za Ulaya vinaeleza kwanza namna ya kupima ugumu wa maji, kisha vinatoa ngazi kuanzia sifuri, na kwenye ngazi ya chini kabisa chumvi haihitajiki. Anayeruka kipimo na kukimbilia chumvi hakitii kitabu. Wengine wananiambia kuna visima vya Arusha vyenye maji magumu. Ni kweli, visima hutofautiana hata ndani ya mtaa mmoja, na ndiyo hoja yangu hasa: pima. Asiye na vipimo vya karatasi akwangue sabuni ya mche ndani ya chupa ya maji na kuitikisa. Povu zito linaloshika ni dalili ya maji laini, na utando wa maziwa usio na povu ni dalili ya maji magumu. Wapo pia wanaoitwika floraidi lawama zote kwa kuwa imeharibu meno yetu. Floraidi hula kioo katika tindikali. Katika maji yenye sabuni, ambayo ni kinyume cha tindikali, kwa viwango vya mabomba yetu, mshitakiwa huyo aachiwe huru.

Umeme na msukumo wa maji vinadai uadilifu uleule. Nyumba nyingi hapa zinategemea simtank iliyo juu ya mnara mfupi. Kila mita 10 za kimo hutoa takriban baa 1, kwa hiyo tangi lililo mita 3 juu ya vali hutoa baa 0.3, ilhali mashine nyingi zinadai angalau nusu baa. Mashine inangoja maji, muda unaisha, inaonyesha hitilafu, na vali nzima inatupwa. Inua tangi au weka pampu ndogo. Hita nayo inahukumiwa kwa dhuluma: hita ya wati 2,000 iliyoundwa kwa volti 230, ikipewa volti 180 saa za jioni, hutoa takriban wati 1,200 tu. Maji yanachelewa kupata moto, mashine inalalamika, na fundi anauza hita mpya itakayolalamika vilevile. Pima volti mashine ikiwa inachemsha, si ikiwa imezimwa.

Kwenye sabuni nitakuwa mkali. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa mkono haiingii ndani ya mashine. Povu lake hufurika hadi kwenye sinia la chini, na swichi ya usalama huzuia mashine isiendelee. Magadi ya Ziwa Natron yasitumike badala ya unga wa sabuni ya mashine ati kwa kuwa yote ni jamii moja ya kemikali: yanakuja na uchafu na floraidi yake, na hayana vimeng'enya vya kuvunja wanga wa ugali. Sufuria za alumini huwa nyeusi kwa sababu sabuni kali ya mashine hula ngozi inayozilinda. Kuilaumu mashine ni uonevu. Mwiko, kibuyu na chungu vibaki kwenye karai. Anayesema basi mashine yenyewe ni anasa, namjibu kwamba mashine ya kisasa iliyojaa hutumia lita 10 hadi 15 kwa mzunguko, na katika mtaa wenye maji ya mgawo hiyo si anasa. Anasa ni kununua mashine nzima kwa kosa la chujio.

Vijana mnaorithi kazi hii, bodi mnazozibadilisha zina uhai mrefu kuliko subira yenu. Kipimo cha volti, chupa ya siki na kipande cha sabuni ya mche vitangulie bisibisi. Na wewe mwenye nyumba, kabla ya kutoa fedha muulize fundi amepima nini na amepata jibu gani. Akikosa jibu, usinunue kipuri.